Boti ya alumini ya futi 17 yenye injini ya 40: mwendo umekwama kwenye maili 24 kwa saa

MwanaUjiji (Kentucky)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale wanaozifahamu boti ndogo za alumini na injini za kupachika.

Ninaishi magharibi mwa jimbo la Kentucky, Marekani, na ninavua samaki wa besi, wale wenye mdomo mpana, katika Ziwa Kentucky, bwawa la Mto Tennessee ambalo ukuta wake ulikamilika mwaka 1944. Ni ziwa refu lenye hori nyingi, na upepo wa kusini ukiamka mchana mawimbi yake si ya kudharau. Anayetaka kuvua katika hori mbili tatu asubuhi moja, kisha arudi gatini kabla upepo haujachachamaa, anahitaji boti yenye mwendo.

Boti yangu ni ya alumini ya kuchomelea, urefu wake futi 17, na kitako chake kimechongoka kidogo upande wa omo, yaani mbele, kisha kikawa karibu bapa kuelekea tezi, yaani nyuma. Nyuma imebeba injini ya mipigo minne ya nguvu farasi 40. Mbele ina mota ya umeme ya kuvulia, yenye betri zake. Propela ni ya alumini, ina panga tatu na pichi ya inchi 13. Tukiwa watu wawili na vifaa vyetu, GPS inaonyesha maili 24 kwa saa, yaani karibu kilomita 39, na haipandi zaidi ya hapo hata nikisukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Aliyeniuzia alisema ilikuwa inafika maili 28, na wengine wenye boti za aina hii wananitajia kiasi hicho hicho.

Kibati cha uwezo kilichobandikwa karibu na usukani kinaruhusu injini ya hadi 60. Nimeshauriwa mambo matatu: ninunue propela ya chuma cha pua, nifunge bamba la kuinulia injini, au niuze hii ya 40 na kununua ya 60. Fedha ninayo ya jambo moja kwa sasa. Je, nianze na lipi?

FundiKirumba (Mwanza)

Ndugu MwanaUjiji, salaam kutoka Mwanza. Umeeleza vizuri, lakini hukutaja kipimo kimoja ambacho kwa fundi wa injini za boti ndicho cha kwanza: ukisukuma mafuta yote, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika? Bila hicho, kila ushauri utakaopewa hapa utakuwa wa kubahatisha, na wewe ndiwe utakayelipia.

Kila injini ina kiwango chake cha mizunguko ambacho mtengenezaji ameagiza ifikie mafuta yakiwa wazi kabisa, na kiwango hicho kimeandikwa katika kitabu chake. Kwa injini nyingi za mipigo minne za ukubwa wako ni kati ya 5,000 na 6,000, na nyingine huanzia 5,500. Injini isiyofika hapo haitoi nguvu farasi 40 ulizonunua. Inasukuma mzigo unaoishinda, na inaumia polepole kwa sababu hiyo. Injini inayopita hapo nayo inakuambia kwamba propela ni nyepesi mno kwa boti, au inanyonya hewa badala ya kushika maji.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata dola moja, nenda ziwani siku ambayo maji yametulia, jaza mafuta kiasi unachobeba kila siku, kisha upime mizunguko na mwendo mkiwa watu wawili, halafu upime tena ukiwa peke yako. Pima kwa GPS na wala si kwa ile geji ya mwendo inayotumia msukumo wa maji, kwa maana hudanganya sana. Kila kipimo ukichukue kwa kwenda na kwa kurudi, ili upepo na mkondo visikupotoshe.

Boti ikiwa juu ya trela, chukua rula ndefu iliyonyooka, uiegemeze chini ya kitako na kuielekeza nyuma hadi kwenye injini. Lipo bamba pana na bapa juu kidogo ya propela. Tuambie kama bamba hilo liko chini ya mstari wa kitako, sambamba nao, au juu yake, na kwa kiasi gani. Halafu tuendelee.

Shababi_Houston

Mimi natofautiana kidogo na fundi, pamoja na heshima zote ninazompa. Boti imeruhusiwa injini ya 60, na aliyeiuza ikiwa na 40 alifanya hivyo ili bei yake ya mwanzo ipungue. Nimepanda boti za futi 17 zenye injini ya 40 na nyingine zenye 60, na tofauti yake utaihisi mgongoni tangu unapoondoka gatini, hasa mkiwa watatu. Mtu anaweza kutumia fedha kwenye propela, kisha bamba, kisha betri nyepesi, na mwisho wake akanunua ile ile injini ambayo angeinunua siku ya kwanza. Kama uwezo upo, au unaweza kusubiri msimu mmoja ukajiwekea akiba, nunua ya 60 na uyamalize.

Kaka_Guntersville (Alabama)

Ndugu zangu, nami navua kwenye mto huo huo wa Tennessee, ila upande wa juu, katika Ziwa Guntersville, na boti yangu ni ya alumini vilevile. Hoja ya Shababi ina uzito wake, lakini naomba tuipime kwa hesabu.

Kwa boti inayokimbia juu ya maji, iko kanuni ya zamani ya mchora ramani za boti aitwaye George Crouch, ambayo inasema kwamba mwendo hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano kati ya nguvu na uzito, na si kwa nguvu yenyewe moja kwa moja. Ukitoka nguvu farasi 40 kwenda 60 umeongeza nguvu kwa nusu nzima, ila mwendo utaongezeka kwa kiasi cha asilimia 22 tu, na hapo hatujahesabu uzito wa ziada wa injini kubwa. Maili 24 zitakuwa 29 hivi. Kama boti hii ilikuwa inafika 28 kwa injini hii hii ya 40, utakuwa umetoa maelfu ya dola ili upate maili moja zaidi ya ile iliyokuwapo zamani, na kasoro iliyokula maili 4 za kwanza itabaki palepale chini ya sakafu ikiendelea kula.

Nasema chini ya sakafu kwa makusudi. Sheria za usalama za Marekani zinadai boti ndogo za namna hii ziwe na vifaa vya kuelea vilivyofungiwa ndani, na watengenezaji wengi hujaza foamu chini ya sakafu. Foamu hiyo ikikaa miaka mingi katika maji yaliyotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, baadhi yake huanza kuyanyonya na haiyaachi. Boti yenye umri wa miaka 15 inaweza kubeba makumi ya kilo za maji ambayo mwenyewe hayaoni, na mengi huwa karibu na tezi, mahali ambapo uzito huisumbua boti kuliko popote pengine inapojaribu kupanda juu ya maji.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Iegeshe boti omo ikiwa juu, ondoa kizibo cha kutolea maji, uiache usiku kucha. Ikiwa asubuhi bado inadondosha tone tone ingawa haijaingia ziwani kwa siku kadhaa, yako maji mahali. Njia ya uhakika zaidi ni kuipeleka kwenye mizani ya malori, ile iliyo katika vituo vikubwa vya mafuta kando ya barabara kuu. Ipime ikiwa juu ya trela, kisha siku nyingine ambapo boti iko majini upime trela peke yake, halafu ulinganishe na uzito ulioandikwa na mtengenezaji pamoja na injini, betri na mafuta. Mafuta ya petroli ni takriban robo tatu ya kilo kwa lita, maji ni kilo moja kamili. Tangi la kuhifadhia samaki hai likijaa lita 75, umebeba kilo 75 ambazo asubuhi unapokwenda kuvua huna sababu ya kuzibeba, kwa kuwa bado hujapata samaki.

Jambo la pili ni sura ya kitako. Chukua rula ya futi 4, uilaze chini ya kitako kuanzia ukingo wa tezi kuelekea mbele, halafu mtu amulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati ya rula wakati ncha zote mbili zimegusa bati, kitako kimeingia ndani, na kasoro hiyo husukuma omo chini na kuifanya boti iburute mwili mzima majini. Mara nyingi husababishwa na mbao za trela kuwa fupi, zisifike hadi mwisho wa tezi, kiasi kwamba uzito wa injini unaning'inia nyuma miaka yote hiyo na kulipinda bati. Ukikuta hivyo, rekebisha trela kwanza kabla ya kumwita mtu wa kunyoosha bati.

MwanaUjiji (Kentucky)

Nawashukuru sana. Nimefanya yote mliyoniagiza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kitabu cha injini kinataka mizunguko kati ya 5,500 na 6,000, na uwiano wa gia ni 2 kwa 1. Tukiwa wawili inafika 4,900 na mwendo ni maili 24. Nikiwa peke yangu inafika 5,200 na mwendo ni maili 26 na nusu. Bamba la juu ya propela liko chini ya mstari wa kitako kwa inchi 1 na robo. Kitako chenyewe kimenyooka, mwanga haupenyi popote, na mbao za trela zinafika hadi mwisho.

Mizani nayo imenishangaza. Nimejumlisha uzito wa boti kama ulivyoandikwa, injini, betri tatu, mota ya mbele, mafuta na vifaa, na bado kuna zaidi ya kilo 80 ambazo siwezi kuzieleza.

FundiKirumba (Mwanza)

Sasa tuna la kuzungumza. Nitafanya hesabu kwa uwazi ili kila mwenye boti aweze kuirudia kwa tarakimu zake.

Pichi ya propela ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inakata njia yake katika kitu kigumu, mithili ya skrubu ndani ya ubao. Maji si ubao, kwa hiyo sehemu ya umbali huo hupotea, na tunaiita mtelezo. Zidisha mizunguko ya injini kwa pichi ya inchi, kisha ugawe kwa uwiano wa gia uliozidishwa kwa 1,056, upate maili kwa saa zisizo na mtelezo. Kwako ni 4,900 mara 13, gawanya kwa 2,112, jibu lake ni maili 30. Wewe unapata 24. Umepoteza asilimia 20. Boti nyepesi ya alumini iliyofungwa injini vizuri inapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 hivi.

Una matatizo mawili kwa pamoja, na ni muhimu kuyatenganisha. Mizunguko iko chini, maana yake injini inashindwa na mzigo. Mtelezo uko juu, maana yake hata ile nguvu inayotoka haitumiki vizuri majini. Kilo 80 zisizojulikana zinaweza kueleza sehemu ya yote mawili, na injini iliyokaa chini inaeleza sehemu nyingine, kwa sababu mguu wake wote unaburutwa majini bila faida.

Propela mpya ya chuma cha pua haitakusaidia kwa sasa. Ni kweli kwamba panga zake ni nyembamba na hazijikunji zinapobanwa na maji, na ikichaguliwa vizuri inaweza kukuongezea maili moja au zaidi. Lakini ukiichagua leo, utaichagulia boti yenye maji sakafuni na injini iliyokaa chini, na ukishayatengeneza hayo, pichi uliyoinunua haitakuwa pichi unayoihitaji. Ndiyo maana propela huja mwisho, hata kama ndiyo rahisi kununua.

Anza na injini yenyewe, kwani mizunguko ya chini inaweza pia kutokana na injini iliyochoka. Ukiwa umeizima, mwambie mwenzako asukume wenzo wa mafuta mpaka mwisho huku wewe umefunua kifuniko na unatazama kule kebo inakoishia. Kebo ikirefuka kwa miaka, wenzo hufika mwisho kabla mlango wa hewa haujafunguka wote, na mtu huendesha injini ya 40 akipata ya 32 bila kujua. Badilisha plagi, badilisha chujio la kutenganisha maji na mafuta, na upime mgandamizo wa kila silinda. Huko Marekani petroli ya kawaida huchanganywa na ethanoli asilimia 10, ambayo huvuta unyevu, basi mafuta yaliyolala tangini msimu mzima wa baridi usiyaamini.

Halafu tazama propela uliyonayo. Ipitishie ukucha kwenye makali ya kila panga, kwa sababu pengo dogo ambalo jicho linalipita ukucha utalikamata, na pengo la ukubwa wa punje ya mchele kwenye makali linatosha kuvuruga maji. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uchore mstari mmoja ulionyooka unaopita juu ya kitovu cha ndani, mpira, na gamba la nje la propela. Nenda ukaendeshe kwa mafuta yote, urudi utazame. Mstari ukiwa umevunjika, yaani sehemu ya ndani na ya nje haziko tena sambamba, mpira wa kitovu umeachia na unateleza. Hapa Kirumba nimeona watu wakifungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao mstari wa kalamu ungeuonyesha kwa dakika chache.

Hayo yakiwa sawa, toa maji sakafuni. Halafu upandishe injini. Matundu ya boliti kwenye mabano ya injini yameachana kwa robo tatu ya inchi, hivyo ukipandisha tundu mbili bamba litatoka inchi 1 na robo chini ya kitako na kukaa robo inchi juu yake, mahali panapofaa kwa boti ya aina yako. Huhitaji kununua bamba la kuinulia, ambalo lenyewe lina uzito na linaisogeza injini nyuma zaidi. Injini ya namna hii inakaribia kilo 100, kwa hiyo tumia winchi ya kunyanyulia, usitegemee mikono ya marafiki, na boliti zinaporudi zipakwe gundi ya kuzuia maji kwa kuwa matundu ya chini yako karibu na maji. Ukimaliza, jaribu kona kali. Propela ikinyonya hewa na mizunguko kupaa ghafla, shusha tundu moja. Na jicho lako lisitoke kwenye mkojo wa injini: ule mchirizi wa maji ya kupoozea ukidhoofika boti ikiwa kwenye kasi, umepandisha mno, na injini itaungua.

Kaka_Guntersville (Alabama)

Naongeza moja kuhusu hizo kilo 80. Ukifungua sakafu na kuitoa foamu iliyolowa, usiiache boti bila foamu kwa furaha ya wepesi. Foamu hiyo ndiyo itakayoishikilia boti juu ikijaa maji, na watu wameokoka kwa kuishika. Rudisha kiasi kile kile cha foamu yenye vitundu vilivyofungika, isiyonyonya maji, na uzibue njia za maji ili yatiririke hadi kwenye kizibo.

Mkaazi_wa_Naivasha

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, kwa kuwa hata huku kwetu besi wa mdomo mpana wapo. Waliletwa kutoka Marekani na kupandikizwa katika Ziwa Naivasha enzi za ukoloni, na hadi leo wanavuliwa.

Wasomaji walioko Afrika Mashariki wasizichukue tarakimu za ndugu wa Kentucky kama zilivyo, kwa sababu mwinuko hubadilisha hesabu. Hewa ikiwa nyepesi injini hupata oksijeni kidogo, na isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, iwe ya kabureta au ya kielektroniki. Ziwa Kentucky liko kama mita 109 tu juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 773, Ziwa Victoria mita 1,134, Kivu mita 1,460 na Naivasha mita 1,884. Injini ya 40 iliyo kamili Mombasa inakuwa ya 35 hivi ikifika Mwanza, na huku kwetu haizidi 33. Asiyejua hilo hufunga propela ile ile aliyoshauriwa na muuzaji wa pwani, injini ikakataa kufika mizunguko yake, akaanza kumlaumu fundi. Dawa ni kushuka pichi inchi moja au mbili.

FundiKirumba (Mwanza)

Ndugu wa Naivasha amesema kweli tupu. Hizi Yamaha Enduro za 40 wanazozitumia wavuvi wa hapa zikiletwa kutoka Dar es Salaam zikiwa na propela yake, jambo la kwanza ninalopima ni hilo.

MwanaUjiji (Kentucky)

Ndugu zangu, narudi na matokeo.

Kebo ya mafuta ilikuwa sawa, plagi nimebadilisha, mgandamizo ni mzuri katika silinda zote, na mstari wa kalamu haukuvunjika. Sakafu ya nyuma nilipoifungua nilikuta majani na tope vimeziba njia ya maji, na vipande vya foamu vya pande zote mbili za tezi vimelowa kiasi kwamba kimoja nilishindwa kukitoa kwa mkono mmoja. Nimekiminya, maji yakatoka meusi. Nimeweka foamu mpya ya aina aliyoitaja Kaka wa Guntersville, kwa ujazo ule ule. Injini nimeipandisha tundu mbili kwa winchi ya kuazima, na mkojo wake bado una nguvu.

Kwa propela ile ile ya zamani, tukiwa watu wawili, mizunguko imetoka 4,900 hadi 5,350, na mwendo umetoka maili 24 hadi 27 na kidogo. Mtelezo, kwa kanuni mliyonifundisha, ni kama asilimia 17. Boti inapanda juu ya maji upesi zaidi kuliko zamani, na mwenzangu hahitaji tena kusogea mbele ili isaidike. Gharama kubwa imekuwa foamu, gundi ya boliti na jasho.

Bado niko chini ya 5,500. Je, sasa ndiyo wakati wa propela, na je, nikishuka pichi sitapoteza mwendo nilioupata?

Shababi_Houston

Hongera sana, ndugu. Maili 3 bila kununua injini ni jambo la kujivunia, na nakubali kwamba kununua ya 60 kungeifunika tu ile foamu iliyolowa.

FundiKirumba (Mwanza)

Hongera kwa kazi safi. Naam, sasa ni zamu ya propela.

Kila inchi moja ya pichi unayoshuka hupandisha mizunguko kwa kati ya 150 na 200. Ukienda pichi 12 utafika 5,500 au zaidi kidogo, ndani ya kiwango cha kitabu, na utabaki na nafasi ya kutosha ukiwa peke yako bila kuvuka 6,000. Kuhusu hofu yako ya kupoteza mwendo, pichi ndogo husonga kidogo kwa kila mzunguko, lakini injini iliyoachiwa kufika mahali pake hutoa nguvu ambayo hukuwa ukiipata. Chukua 5,600 mara 12, gawanya kwa 2,112, ni karibu maili 32. Kwa mtelezo wa asilimia 12, ambao propela nzuri ya chuma cha pua inaweza kukupa kwenye kitako kisafi, unapata 28. Kwa propela ya alumini tarajia 27, ile ile uliyonayo, ila injini haitakuwa inakabwa na itadumu.

Chagua yenye panga tatu. Za panga nne hushika maji vizuri kwenye kona na mawimbi, na kwa anayebeba watu wanne ningempa hizo, lakini kwa kawaida hukata mwendo wa juu kidogo, na wewe umekuja kutafuta mwendo. Tafuta duka linalokubali ujaribu propela ziwani na kuirudisha ikiwa haina mkwaruzo, maana boti mbili za muundo mmoja zinaweza kutaka propela tofauti. Na kwa kuwa ziwa lako lina visiki na mawe, ile ya alumini usiitupe. Ihifadhi ndani ya boti pamoja na spana, nati na pini yake, kwa sababu ya chuma cha pua ikigonga mwamba haipindi kirahisi, na kishindo huenda kwenye gia.

Kuhusu kuinamisha na kuinua injini ukiwa kwenye mwendo: ondoka ikiwa imeinama ndani kabisa, boti ikishapanda inua kidogo kidogo huku ukitazama GPS. Mwendo utapanda, kisha omo itaanza kupanda na kushuka yenyewe. Hapo rudisha kidogo tu. Nahodha wengi huacha injini imeinama ndani siku nzima, na maili moja au mbili huwapotea kwenye kidole chao wenyewe.

Kaka_Guntersville (Alabama)

Nina mambo mawili madogo. Kitambuzi cha sona, kile cha kifaa cha kuonyesha samaki, kilichofungwa kwenye ubao wa tezi kisiwe mbele ya propela moja kwa moja wala kushuka chini ya kitako zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu hutupa viputo ambavyo propela huvimeza, na sasa kwa kuwa injini iko juu zaidi utaviona kwenye kona. Na ukifikiria kupunguza uzito tena, betri mbili za mota ya mbele za asidi na risasi, zenye kilo 25 hivi kila moja, zinaweza kubadilishwa kwa za lithiamu zenye takriban nusu ya uzito huo. Ile ya kuwashia injini iache ya kawaida mpaka usome kitabu cha injini kinaruhusu nini.

Kwa kuwa boti sasa ina kasi, kamba ya kuzimia injini uivae mkononi au kwenye jaketi la kuokolea kila unapokimbia. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho inamtaka nahodha wa boti ya chini ya futi 26 iliyo na kifaa hicho akitumie ikiwa juu ya maji kwa mwendo. Boti ndogo ya alumini ikikugeuka kwenye wimbi la boti nyingine, inakutupa nje na kuanza kuzunguka pale pale ulipo, na propela yake ikiwa bado inafanya kazi.

MwanaUjiji (Kentucky)

Nimeelewa, na nawashukuru kwa moyo wote. Kamba ninayo na nitaivaa. Duka moja lililo karibu na gati limekubali nijaribu pichi 12 ya chuma cha pua, na nitaweka hapa mizunguko na mwendo wake, tukiwa wawili na nikiwa peke yangu, ili mwenye boti kama yangu apate pa kuanzia.